Kulitayarisha Gari la Zamani kwa Ukaguzi wa Mwaka



Katika mashamba ya chai, miwa na mkonge ya nchi jirani yangali yanatembea magari ambayo umri wake ni mkubwa kuliko umri wa madereva wake. Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, na Peugeot 504, aina iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, bado zinabeba watu na mizigo. Huko Ulaya wenye fedha huyafunika magari ya namna hii kwa turubai na kuyatoa siku za maonyesho. Kwetu sisi gari la zamani ni chombo cha kazi. Wafanyakazi wanapochanga fedha na kununua Land Rover kuukuu kwenye mnada, gari hilo ndilo litakalompeleka mama mjamzito hospitali usiku, ndilo litakalobeba mahindi na maziwa, na ndilo litakalosafirisha maiti ya mwenzao hadi kijijini.

Siku ya ukaguzi wa mwaka inapowadia, wengi huenda kituoni wakitegemea bahati, au wakimtegemea dalali asimamaye langoni. Gari likikataliwa wamepoteza ada na siku nzima ya kazi. Dalali akifaulu hasara ni kubwa zaidi, maana wanarudi nyumbani na gari lenye cheti lakini lisilo na breki. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza, hatua kwa hatua, namna ya kulitayarisha gari la zamani ili lipite kwa haki. Mfano wetu mkubwa utakuwa Land Rover, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi mashambani.

UKAGUZI ULITOKA WAPI

Wako wanaodhani kwamba ukaguzi wa magari ulibuniwa ofisini kwa ajili ya kukusanya ada. Historia inaonyesha vingine. Mwezi wa Januari 1865, katika mji wa Mannheim nchini Ujerumani, boila la kiwanda cha bia lililipuka. Siku zile maboila ya mvuke yalikuwa yakilipuka mara kwa mara, na waliokufa au kuungua walikuwa wafanyakazi waliosimama karibu nayo. Mwaka uliofuata, yaani 1866, wenye maboila wa Mannheim waliunda chama cha kuyakagua maboila yao kwa kutumia wahandisi ambao hawakuwa watumishi wa kiwanda chochote. Vyama vya namna hiyo vilienea Ujerumani yote, na kutokana navyo vikatokea vile vituo vinavyojulikana hadi leo kwa jina la TÜV, ambavyo baadaye vilipewa pia kazi ya kukagua magari.

Nchini Uingereza ukaguzi wa magari ya zamani ulianza Septemba 1960 kwa hiari. Kuanzia Februari 1961 ukawa wa lazima kwa magari yaliyotimiza miaka 10. Matokeo ya mwanzo yalionyesha kuwa magari mengi yalikuwa mabovu mno, hivyo kabla ya mwaka huo kwisha umri ulipunguzwa ukawa miaka 7, na mwaka 1967 ukawa miaka 3.

Wako pia wanaosema kuwa Waingereza wameyasamehe magari ya zamani. Ni kweli kwamba tangu tarehe 20 Mei 2018 gari lililotimiza miaka 40, na ambalo halikubadilishwa sana umbo na mitambo yake, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Lakini sheria yao ingali inamtaka mwenye gari asiliingize barabarani likiwa bovu. Aliyesamehewa ukaguzi hakusamehewa ajali.

Katika nchi zetu kila serikali ina utaratibu wake. Kenya kazi hii iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Rwanda vituo vinaendeshwa na Polisi. Tanzania wako wakaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Kwa hiyo ulizeni mapema katika kituo chenu ada ni kiasi gani na ni vyeti gani vinavyotakiwa. Ama chuma, breki na tairi hazijui mipaka, na huchakaa kwa namna moja kila mahali.

ANZENI NA KARATASI

Wiki nne kabla ya siku yenyewe, chukueni kadi ya gari mwende nayo kwenye gari. Someni namba ya chesisi na namba ya injini, mzilinganishe na zilizoandikwa. Land Rover nyingi zimebadilishwa injini mara mbili au tatu katika maisha yake, na namba isiyolingana na kadi itawarudisha nyumbani kabla mkaguzi hajagusa breki. Kama namba ya chesisi imefunikwa na kutu au rangi, isafisheni taratibu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Msiipige tindo wala msiichome, maana namba iliyochezewa huleta shaka ya wizi.

CHESISI

Bodi ya Land Rover imetengenezwa kwa alumini, nayo haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi yake ni ya chuma. Ndiyo maana gari linaweza kung'aa juu huku chini likiwa limeoza. Katika mashamba ya miinuko yenye mvua nyingi, tope hukaa ndani ya chesisi miezi na miezi na kuila kutoka ndani.

Osheni chini ya gari mpaka tope lote litoke, kisha gongeni chesisi yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, kama ya mti. Angalieni zaidi boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikiliwa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva.

Palipooza pakatwe mpaka chuma kizima kionekane, kisha kibandikwe kipande kipya cha unene ule ule na kuchomelewa pande zote. Kujaza pati na kupaka rangi nyeusi juu yake ni kujidanganya. Mkaguzi mzoefu atapitisha bisibisi hapo, na hata asipoipitisha, barabara itaipitisha.

Jambo moja la hatari: katika Land Rover nyingi za zamani tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, karibu sana na chesisi. Kabla ya kuchomelea, toeni tangi mliweke mbali na ondoeni waya za betri. Msidhani kuwa tangi tupu ni salama. Mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka upesi kuliko petroli yenyewe.

Kwa wenye Peugeot 504 ya saluni, gari hilo halina chesisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo vizingiti vya chini ya milango na mahali shokapu za mbele zinaposhikwa ndipo pa kukagua kwanza.

BREKI

Hapa ndipo magari mengi ya zamani yanapoangukia, na ndipo maisha ya watu yalipo. Katika Land Rover nyingi za zamani mafuta ya breki ya magurudumu yote manne yanatoka katika chumba kimoja cha masta silinda. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja.

Injini ikiwa imezimwa, kanyageni pedali na kuishikilia kwa nusu dakika. Ikishuka polepole mpaka chini, basi mafuta yanavuja mahali fulani au mipira ya masta silinda imekwisha. Ikiwa inashuka sana mara ya kwanza lakini inapanda ikikanyagwa mara mbili tatu, viatu vya breki vimekuwa mbali na ngoma na vinahitaji kurekebishwa, au kuna hewa ndani ya mabomba. Nyuma ya kila gurudumu kuna kichwa cha bolti cha kurekebishia. Inueni gurudumu, zungusheni kichwa hicho mpaka gurudumu likamate, kisha rudisheni kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Fanyeni hivyo kwa magurudumu yote. Gurudumu la kushoto likishika zaidi kuliko la kulia, gari litavutwa upande mmoja, na mashine ya kupimia breki kituoni itaonyesha tofauti hiyo mara moja. Uingereza, gari dogo la miaka hiyo hutakiwa liwe na breki za mguu zenye nguvu ya angalau 50% ya uzito wake, na tofauti kubwa ya kushoto na kulia hulikatisha hata kama nguvu inatosha.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Maji hayo hutia kutu mabomba kutoka ndani, na gari linaposhuka mlima mrefu huchemka yakawa mvuke, pedali ikazama bila kazi. Badilisheni mafuta yote kila baada ya miaka miwili, mkitoa hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kamwe msiongeze oili ya injini wala mafuta ya taa katika breki. Huifanya mipira ivimbe, na baada ya siku chache breki zote huharibika.

Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika ngoma moja iliyo nyuma ya giaboksi. Oili ikivuja giaboksi, ngoma hiyo hulowa na breki ya mkono haishiki kitu. Zuieni kwanza uvujaji, ndipo msafishe ngoma na kubadili viatu. Wala msiivute breki hiyo wakati gari linatembea, ila kwa dharura, maana huweza kuvunja mitambo ya nyuma.

Tunawasihi pia mafundi wetu juu ya vumbi la breki. Viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbestosi, nayo huleta ugonjwa wa mapafu na saratani miaka mingi baada ya kuvutwa. Msilipulize vumbi hilo kwa hewa ya kompresa wala kwa kinywa. Lilowesheni kwa maji, lifuteni kwa kitambaa kibichi, kisha kitieni kitambaa hicho katika mfuko na kuufunga. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 162 juu ya asbestosi mwaka 1986, na chama kina haki ya kudai vifaa vya kinga katika kila gereji ya shamba na kiwanda.

USUKANI, SPRINGI NA MATAIRI

Mtu mmoja akae ndani autikise usukani kushoto na kulia polepole, mwingine alale chini na kutazama viungo vya tairodi kimoja kimoja. Kiungo kinachocheza kabla gurudumu halijasogea kimekwisha na kibadilishwe. Wapo mafundi ambao hukaza sanduku la usukani ili kuficha uchakavu wa viungo. Usukani huwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona, na hatari inazidi badala ya kupungua.

Kisha inueni gurudumu la mbele, lishikeni juu na chini, mlitikise. Likicheza, mwenzenu akanyage breki huku mkiendelea kulitikisa. Kama mchezo umeisha, beringi ya gurudumu ndiyo iliyolegea. Kama unaendelea, uchakavu uko kwenye kiungo kinachobeba gurudumu. Kwa njia hii hamtanunua kipuri kisichohitajika.

Hesabuni majani ya springi na tazameni kama liko lililovunjika. Shokapu yenye mafuta yanayotiririka haina kazi tena. Kila mnapofanya kazi chini ya gari, msitegemee jeki peke yake. Tumieni stendi za chuma au magogo magumu. Matofali ya saruji yenye matundu hupasuka ghafla bila onyo.

Matairi ya ekseli moja yawe ya ukubwa mmoja na aina moja. Ulaya na Uingereza kina cha kashata kisipungue milimita 1.6, lakini kwa barabara za utelezi za mashambani, tairi lililofika hapo limekwisha siku nyingi. Tazameni pia umri. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini limepasukapasuka ubavuni kwa uzee halifai kubeba watu. Nati za magurudumu zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana.

TAA NA WAYA

Taa ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachowarudisha watu wengi nyumbani. Washeni moja moja: taa kubwa, taa fupi, indiketa, taa za breki, taa ya namba. Kama mkiwasha indiketa na taa ya breki nayo inapepesa, msinunue balbu. Waya wa eathi umeshika kutu. Ufungueni, usugueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, ufungeni tena kwa nguvu. Kwa kuwa bodi ya alumini na chesisi ya chuma huliana zinapogusana penye unyevu, kasoro hii ni ya kawaida sana katika Land Rover.

Mnaponunua betri, kumbukeni kuwa Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 zilifungwa eathi kwenye ncha chanya. Angalieni kwanza gari lenu limefungwaje.

Kupima mwelekeo wa taa, simamisheni gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani. Wekeni alama ukutani kwa kimo kile kile cha taa. Mwanga wa taa fupi ushuke kiasi cha sentimita 5 chini ya alama hiyo. Ukipanda juu yake unampofusha mwenzenu anayekuja.

Msisahau waipa, honi, vioo vya pembeni, mikanda pale ilipofungwa, na pembetatu ya tahadhari. Mabenchi ya nyuma yakazwe kwa bolti, maana gari likisimama ghafla benchi lililolegea huwavunja miguu waliokaa.

MOSHI

Kabla ya kwenda, safisheni kichujio cha hewa na plagi, pimeni nafasi za valvu, na rekebisheni kabureta injini ikiwa na moto. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto maana yake maji yanaingia ndani ya silinda. Ekzosi isiwe na tundu, hasa chini ya mahali watu wanapokaa, kwa sababu gesi yake huua bila harufu ya kuonya.

SIKU YA UKAGUZI

Pelekeni gari likiwa limeoshwa chini na juu, bila mzigo, na injini ikiwa na moto. Aende dereva anayelijua gari, si mtu aliyeazimwa. Mwambieni mkaguzi mapema kuwa breki ya mkono iko nyuma ya giaboksi, asije akaipima kama breki ya magurudumu. Gari likikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Karatasi hiyo ndiyo mwongozo wa fundi wenu, na ndiyo kinga yenu dhidi ya dalali atakayekuja na hadithi nyingine.

HAKI YA DEREVA NA YA ABIRIA

Haya tuliyoyaeleza yanahusu gari letu wenyewe. Lakini dereva wa kampuni anayeamriwa kuendesha lori lisilo na breki, likiwa limejaa wachuma chai, afanye nini? Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika Kifungu cha 13, unasema kuwa mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi ambayo ana sababu ya haki ya kuamini kuwa ina hatari kubwa na ya papo hapo kwa maisha au afya yake, lazima alindwe asipate adhabu isiyostahili. Na mwezi wa Juni 2022 Shirika hilo liliamua kuwa mazingira salama ya kazi ni miongoni mwa haki za msingi, hivyo mkataba huo ukawa miongoni mwa mikataba ya msingi, na kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu misingi yake hata kama haijauridhia.

Haki hiyo inahitaji ushahidi. Kila gari liwe na daftari lake. Kila asubuhi dereva akague breki, usukani, matairi na taa, aandike kasoro aliyoiona, tarehe na jina lake, na msimamizi atie sahihi kuwa ameisoma. Nakala ikae kwa katibu wa tawi. Dakika zinazotumika katika ukaguzi huo ni kazi na zinapaswa kulipwa kama kazi. Na kamati ya tawi iombe kuona cheti cha ukaguzi cha kila lori linalochukua wafanyakazi, kama vile inavyoomba kuona hesabu za makato ya mishahara.

Tunawahimiza wajumbe wa matawi waisome makala hii pamoja na madereva na mafundi wao, kisha wapange siku moja ya kulala chini ya gari wakiwa na nyundo, tochi na daftari. Kasoro watakazoziandika siku hiyo wazipeleke kwa msimamizi kabla gari halijachukua watu tena.